Namba ya gari lako inasomeka?

Mtu aliyegongwa na gari likakimbia huwa na sekunde mbili au tatu tu za kulitazama. Sisi wa usalama barabarani tunajua zinavyopotea: shahidi anakumbuka herufi T na tarakimu ya kwanza, basi. Kilichobaki kilikuwa chini ya tope.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka kila gari linaloingia barabarani Tanzania Bara liwe limesajiliwa na libebe namba yake. Usajili hufanywa na TRA, mamlaka ya mapato. Gari la kawaida hupewa T, tarakimu tatu na herufi tatu. Pikipiki huanza na MC. Gari la mtu binafsi lina kibao cha njano, la biashara cheupe, na maandishi ni meusi kote kuwili. Rangi hiyo si urembo. Abiria akipanda gari la kibao cha njano kwa nauli, amepanda gari ambalo kwa kawaida halina leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na ambalo bima yake huenda ilikatwa kwa matumizi binafsi. Ikitokea ajali, hapo ndipo mvutano wa malipo unapoanzia, naye yuko wodini.

Wengi wanaokamatwa na kosa la kibao hawakuwa na nia ya kujificha. Mwenye bodaboda amefunga kreti la soda nyuma, likaning'inia juu ya namba. Mwenye pikapu ameshusha mlango wa nyuma ili mabati yakae vizuri, na kibao kimeutazama udongo. Mwingine amefunga bampa ya chuma mbele, nondo ikapita katikati ya tarakimu, 8 ikaonekana 3. Yupo pia aliyeweka plastiki nyeusi juu ya kibao kwa sababu inapendeza. Huyu simwelewi, kwa kweli: amelipia kibao kinachorudisha mwanga, kisha akakizibia mwanga.

Jioni moja washa taa, rudi nyuma ya gari hatua ishirini, mpe mtoto wa jirani asome namba kwa sauti. Akikwama, angalia kwanza ile taa ndogo nyeupe iliyo juu ya kibao cha nyuma. Madereva huisahau mpaka wasimamishwe usiku, ilhali balbu yake ni ya bei ndogo.

Kuhamisha kibao kutoka gari moja kwenda jingine ni kosa zito zaidi, hata kama magari yote mawili ni yako. Namba imefungwa na kadi ya gari, chesisi na injini. Siku hizi ushuru wa maegesho na faini za barabarani huandikwa kwa namba, kwa hiyo gari likitembea na namba yako, madeni yanakuja kwako. Ukinunua gari lililotumika, funua boneti ulinganishe chesisi na kadi kabla hujatoa pesa.

Kibao kikidondoka njiani au kikiibwa, usimkimbilie fundi wa kando ya barabara akuchoree kingine, hata akiipatia namba. Toa taarifa polisi upate hati ya upotevu, uende nayo TRA pamoja na kadi ya gari ili uombe kibao kingine. Fanya hivyo siku hiyohiyo, maana kibao kilichoibwa huenda tayari kimeshafungwa kwenye gari la mtu mwingine.