Maumivu ni nini hasa? Nadharia za uyakinifu kuhusu akili

Ukijigonga kidole cha mguu kwenye ukingo wa kitanda, maumivu huja kwa awamu mbili. Kwanza mchomo mkali wa ghafla; halafu, karibu sekunde nzima baadaye, maumivu mazito yanayofukuta. Nyuzi za neva aina ya A-delta hupeleka taarifa kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde, ilhali za aina C huenda mita 0.5 hadi 2 tu, na kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni kama mita moja. Hayo ni ya mtaalamu wa neva. Mwanafalsafa anauliza jingine: yale maumivu yenyewe, unavyoyasikia wewe, ni kitu gani?

Uyakinifu (kwa Kiingereza “materialism”), ambao hapa hauhusiani kabisa na tamaa ya mali, unajibu kwamba hakuna kitu cha ziada nje ya maumbile. Hoja inayousukuma ni ya zamani. Mwaka 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia René Descartes akitaka kujua roho isiyo na umbo inausukumaje mwili. Descartes alijibu, lakini Elisabeth hakuridhika.

Kuna waliosema maumivu ni mwelekeo wa kutenda tu: kupiga kelele, kuchechemea, kushika kidole. Lakini mtu huumia akanyamaza, na mwigizaji hulia bila kuumia.

Ndipo wanafalsafa Ullin Place (1956) na J. J. C. Smart (1959) wakadai kwamba hisia ni michakato ya ubongo. Neno la kuchungwa hapo ni “ni”. Wengi huisoma nadharia hii kana kwamba inasema ubongo *husababisha* maumivu, na hapo wameshaipoteza, kwa sababu kusababisha kunahitaji vitu viwili. Radi haisababishwi na mmiminiko wa umeme angani. Radi ndiyo mmiminiko huo. Wala haitoshi kupinga kwa kusema, “Mimi nayajua maumivu yangu ila sijui lolote kuhusu neva.” Watu waliijua nyota ya asubuhi na nyota ya jioni kwa karne nyingi bila kujua kwamba zote mbili ni Zuhura.

Vitabu vya falsafa hupenda kuandika kwamba maumivu ni kusisimka kwa nyuzi C. Mfano huo una kasoro: nyuzi hizo haziko ubongoni, na aliyekatwa mguu huweza kuumwa na kidole ambacho hana tena. Uchukuliwe kama jina la kushikia nafasi tu.

Pigo zito zaidi kwa nadharia hii ya Place na Smart lilitoka kwa mwanafalsafa Hilary Putnam mwaka 1967. Pweza ana nyuroni kama milioni 500, na zaidi ya nusu ziko mikononi mwake. Ubongo wake haufanani na wetu, je, haumii? Jibu lake, uamilifu, linasema maumivu hutambulika kwa kazi yake: hupokea taarifa ya jeraha, huzua hamu ya kuepuka, huungana na imani za mtu, hutoa kitendo. Saa ni saa, iwe ya mchanga au ya betri.

Paul Churchland (1981) alikwenda mbali zaidi: huenda “imani” na “hamu” hazipo kabisa, na sayansi itazitupa kama ilivyoitupa flojistoni, kitu ambacho zamani kilidhaniwa kutoka ndani ya vinavyoungua. Lengo lake katika hoja hiyo lilikuwa imani na hamu. Anayemnukuu kwamba hakuna anayeumia anamsingizia.

Kinachozisumbua nadharia hizi ni mfano wa Frank Jackson wa mwaka 1982. Mary, mtu wa kubuni, anajua kila ukweli wa kifizikia kuhusu rangi, lakini amelelewa katika chumba cha nyeusi na nyeupe. Akitoka na kuona nyekundu, anajifunza jambo jipya? Akijifunza, basi fizikia haikumaliza kila kitu. Jibu la wayakinifu ambalo mimi naliona lina nguvu ni kwamba Mary amepata uwezo mpya wa kuitambua na kuiwaza nyekundu, si ukweli mpya, kama anayejua kanuni zote za kuogelea anapoingia majini mara ya kwanza. Jackson mwenyewe baadaye aliiacha hoja yake.