Kinda wa Ndege Chini ya Mti: Umwokote au Umwache?

Mvua zikishashika, wadudu huwa tele na ndege wengi huangua. Ndiyo majira watu hutujia ofisini na maboksi ya viatu, kinda akilia ndani. Huruma yao si haba, ila mara nyingi kinda mwenyewe hakuwa amepotea.

Mtazame kwanza. Akiwa na manyoya mwili mzima, mkia mfupi, pembe za mdomo bado za njano, na anarukaruka, huyo ametoka kiotani kwa miguu yake. Shomoro na shore hushinda chini na vichakani siku kadhaa kabla ya kuweza kuruka vizuri, na wazazi huendelea kuwalisha. Rudi nyuma, ukae mbali, kwani mama hashuki ukiwa umemsimamia mwanawe. Mfungie paka ndani. Kinda akiwa barabarani, msogeze hadi kichaka cha karibu, basi.

Aliye uchi, au mwenye vishina tu vya manyoya, huyo ameanguka kweli. Mrudishe kiotani. Kwamba mama humkataa mtoto aliyeguswa na mtu ni uzushi. Harufu ya mkono wako haimfukuzi. Kiota kikiwa kimeporomoka, tandika nyasi kavu kwenye kikapu kidogo au kopo lililotobolewa kitako, ulifunge kwenye mti uleule, penye kivuli.

Tafadhali usimmiminie maji mdomoni. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma tu ya ulimi, na tone moja laweza kuishia mapafuni. Maziwa na mkate pia hapana. Ukilazimika kumhifadhi kwa muda, anachohitaji kwanza ni joto: boksi lenye matundu, kitambaa, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa nguo.

Aliyeng'atwa na paka apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama huoni jeraha. Meno ya paka ni membamba na yana vijidudu vinavyoua haraka.

Bundi nao wana kesi yao. Makinda wa aina nyingi za bundi huhama kiota kabla ya kujua kuruka, wakiparamia matawi, na wakianguka hupigwa mawe eti ni uchuro. Wazazi wao ndio wanaokupunguzia panya ghalani! Mfunike kwa kanga nzito, kucha zake ni kali, umweke juu ya tawi.

Nawa mikono kwa sabuni, na usimchanganye kinda yeyote na kuku wako, usije ukaingiza mdondo (kideri, ugonjwa unaoua kuku) bandani. Kumfuga ndege wa porini kunataka kibali. Wazazi wasipoonekana, piga simu KWS, Shirika la Wanyamapori, kwa Kenya, au ofisi ya maliasili ya wilaya kwa Tanzania.