Kupanda miti mingi sio ndo kupata tuzo ya mazingira

Jamani hii ya kusema kampuni iliyopanda miti mingi au iliyotoa msaada mkubwa ndo inabeba tuzo ya mazingira tuiache, haiendi hivyo. Chukulia CDP (Carbon Disclosure Project), shirika linalopima kampuni kwenye mambo ya mazingira, lililoanzia London mwaka 2000: kampuni inajaza dodoso refu kuhusu tabianchi, misitu na maji halafu inapewa alama kuanzia A mpaka D-, na aliyeombwa taarifa akakaa kimya anapata F. D maana yake umeweka data wazi, C unazijua athari zako, B unazisimamia, A ndo uongozi wenyewe, na huko juu wanataka hesabu za hewa chafu inayotolewa na kampuni zihakikiwe na mkaguzi wa nje, sio maneno ya idara ya mawasiliano. Tena hesabu haziishii kwenye jenereta na magari ya ofisi, wanauliza mpaka wasambazaji na bidhaa ikishauzwa inatumikaje, maana kwa kampuni ya mafuta kwa mfano, moshi mwingi unatoka pale mteja anapoyachoma. Binafsi hapo ndo napaheshimu sana. Na alama zinatoka upya kila mwaka, kwahiyo mwenye A mwaka jana anaweza kushuka mwaka huu.