Steringi Mwenye Barakoa: Dhana Potofu Kuhusu Uzito na Mzaha katika Picha za Mashujaa

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kutazamia picha, tunajua kwamba picha ikiisha watu hawaondoki. Wanabaki nje wakibishana: nani alipigwa zaidi, adui alikosea wapi, steringi angefanyaje. Siku hizi ubishi huo umehamia kwenye simu, na moja ya hoja zisizokwisha inahusu picha za mashujaa waliotoka kwenye katuni, akina Superman, Batman na Spider-Man. Je, ziwe nzito au ziwe za kuchekesha? Naufuatilia ubishi huu kwa moyo wote kwa sababu nazipenda hizi picha, na inaniuma kuona kazi nzuri zikidharauliwa kwa hoja ambazo hazina miguu. Nitazitaja zile ninazokutana nazo kila mara.

Dhana: Batman halisi ni wa giza. Ule mchezo wa runinga wa miaka ya 1960 ulimharibu.

Batman alitokea mara ya kwanza mwaka 1939 katika jarida la Detective Comics, kazi ya Bob Kane na Bill Finger, na ni kweli kwamba miezi ile ya mwanzo alikuwa mtu wa kutisha. Alionekana hata na bastola, na maadui walikufa mikononi mwake. Lakini mwaka uliofuata tu, 1940, akaletewa Robin, kijana wa sarakasi mwenye nguo nyekundu, kijani na njano, na hadithi zikachangamka. Kwa hiyo huyo Batman wa giza tupu anayetajwa kama ndiye wa asili aliishi peke yake chini ya mwaka mmoja.

Kisha ukaja mwaka 1954. Daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu akidai kwamba katuni zinawapotosha watoto, Baraza la Seneti la Marekani likafanya vikao kuhusu jambo hilo, na wachapishaji kwa hofu wakajiwekea kanuni kali za nini kichorwe na nini kisichorwe. Damu na vitisho vikaondoka. Mwaka 1955 Batman akapata mbwa aliyevaa barakoa, na mwaka 1959 akatokea kijitu cha kichawi kilichovaa kama yeye na kumletea vituko. Kwa hiyo kituo cha ABC kilipoanza kurusha mchezo wake Januari 1966, waandishi hawakuubuni ule mzaha kutoka hewani. Sehemu ya kwanza kabisa ilitokana na hadithi ya adui aitwaye Riddler iliyochapishwa katika katuni za Batman mwaka 1965. Waliipeleka kwenye runinga katuni ya zama zao kama ilivyokuwa.

Jambo jingine ambalo wanaoudharau mchezo ule hawalioni ni namna Adam West, aliyekuwa Batman wake, alivyouigiza. Hakucheka. Alitamka kila neno, hata la kipuuzi kabisa, kama mtu anayesoma hukumu mahakamani. Mtoto aliyekaa mbele ya runinga aliamini kwamba Gotham, mji wa Batman, uko hatarini, na mzazi aliyekaa nyuma yake alikuwa anavunjika mbavu. Kuwashika wawili hao kwa sentensi moja ni kazi ngumu, na waigizaji wengi waliojaribu baada yake wameshindwa.

Giza tunalolijua leo lilirudishwa na wachoraji na waandishi wa miaka ya 1970, Dennis O'Neil na Neal Adams wakiwa mbele, kisha likakolezwa na Frank Miller mwaka 1986. Kila kizazi kimekuwa na Batman wake, na sioni kwa nini wetu ndiye awe wa kweli na wa baba zetu awe wa bandia.

Dhana: Mzaha ndio uliomzika Batman mwaka 1997.

Hii ndiyo inayonigusa zaidi, na nitakaa hapa kidogo.

Picha ya Batman & Robin ya mwaka 1997 iliwaudhi watu kiasi kwamba Batman hakurudi kwenye sinema hadi mwaka 2005. Somo walilolichukua wengi lilikuwa jepesi: mzaha umeua, tuleteeni giza. Lakini mwangalie adui wa picha ile, Mr. Freeze, aliyeigizwa na Arnold Schwarzenegger. Ni mwanasayansi ambaye mkewe, Nora, ana ugonjwa usio na dawa. Amemgandisha kwenye barafu ili asife, na yeye mwenyewe mwili wake hauwezi tena kustahimili joto. Huo ni msiba mkubwa. Na picha inaujua, kwa maana haikuuficha. Tatizo ni kwamba kila anapofungua mdomo anatoa utani wa barafu. Hapewi nafasi ya kuwa mume hata kwa dakika tatu mfululizo.

Sasa weka pembeni yake mchezo wa katuni za Batman ulioanza kwenye runinga mwaka 1992, mchezo wa watoto, wa kutazamwa baada ya kutoka shule. Kabla ya hapo Freeze alikuwa mwizi wa kawaida mwenye bunduki ya barafu. Alianza mwaka 1959 kwa jina la Mr. Zero, bila historia ya maana. Mwandishi Paul Dini na mwongozaji Bruce Timm ndio waliompa Nora, katika sehemu moja isiyofika nusu saa. Mwishoni Freeze yuko kifungoni, ameshika tufe dogo la kioo lenye sanamu ya mcheza ballet na theluji ndani yake, anamwomba mkewe msamaha kwa kushindwa. Sehemu hiyo ilishinda tuzo ya Emmy kwa uandishi. Mtoto wa miaka minane aliaminiwa kwamba anaweza kuubeba msiba ule, na miaka mitano baadaye mtu mzima aliyelipa tiketi hakuaminiwa.

Ndiyo maana sikubali kwamba mzaha ndio uliomzika. Mwaka 1966 ulikuwepo mzaha mwingi kuliko huo na haukuzika kitu. Kilichokosekana mwaka 1997 ni imani. Watengenezaji waliuonea haya msiba waliokuwa nao mkononi, wakaufunika.

Dhana: Picha nzito ni ile yenye damu, mvua na usiku.

Deadpool ya mwaka 2016 ina damu ya kutosha, ilizuiwa kwa watoto, na ni vichekesho mwanzo mwisho. Damu haipimi uzito.

Nenda upande wa pili, Superman ya mwaka 1978. Hakuna anayechinjwa. Steringi anamshusha paka wa mtoto mmoja, paka aliyekwama juu ya mti. Lakini mwongozaji Richard Donner aliwasisitizia watu wake jambo moja, kwamba dunia ya picha ionekane ya kweli, na Christopher Reeve, aliyeigiza Superman, akalifanyia kazi kwa mwili wake. Ipo sehemu ambayo Clark, jina la Superman anapojifanya mtu wa kawaida, amesimama sebuleni kwa Lois, mwanamke anayempenda, amepinda mabega, sauti nyembamba, mtu wa kuchekesha. Lois anaingia chumbani. Clark anavua miwani, ananyooka, kifua kinafunguka, sauti inashuka, na ghafla mbele yetu amesimama mtu mwingine aliyetaka kusema ukweli wake wote. Kisha anaogopa. Anavaa miwani, mabega yanarudi chini. Ni sekunde chache tu. Nimeirudia mara nyingi na bado sijui kama ninacheka au ninamhurumia, na sitaki kuchagua.

Dhana: Giza ndilo linalouza. (Au kinyume chake: watu wanataka kucheka tu.)

Hapa sina haja ya maneno mengi. Iron Man na The Dark Knight zilitoka mwaka mmoja, 2008, zikipishana miezi miwili. Ya kwanza imejaa maneno ya papo kwa papo ya Robert Downey Jr., ya pili ni nzito kama jiwe, na zote mbili zilipendwa duniani kote. Kwa upande wa hasara, Green Lantern ya mwaka 2011 ilijaribu kuchekesha ikaanguka, na Fantastic Four ya mwaka 2015 ilijaribu kununa ikaanguka vilevile. Justice League ya mwaka 2017 ilianzwa na mwongozaji wa uzito, Zack Snyder, ikamaliziwa na Joss Whedon aliyeongeza mizaha, na ukiitazama unaona mshono. Mwaka 2021 Snyder alitoa yake ya saa nne. Unaweza usiipende, lakini ni ya mtu mmoja anayejua anachotaka kusema.

Dhana: Utani wa Marvel, watengenezaji wa Iron Man, unaua hisia.

Unaua pale unapowekwa mahali pabaya. Hata Thor: Ragnarok, ambayo naipenda sana, ilikosea mwishoni: nyumbani kwa steringi kunateketea, watu wake wote wamebaki wakimbizi, na hapohapo mhusika mmoja anatupia kichekesho. Palihitajika kimya.

Lakini Black Panther ilijua. Ilipoonyeshwa Kisumu Februari 2018, kwao Lupita Nyong'o, ilikuwa ni sherehe, na wengi tulioitazama wiki zile tulicheka pale Shuri anapomkebehi kaka yake mfalme kwa kuingia maabara na makubazi, vidole nje. Utani ule una kazi. Unatuonyesha kwamba T'Challa, kabla hajawa mfalme, ni kaka wa mtu. Ndiyo maana anapotupwa kwenye maporomoko na Shuri akipiga kelele, tunaumia naye. Na adui yake, Killmonger, anapokufa akitazama jua likizama, akikataa kutibiwa, akiomba azikwe baharini pamoja na mababu waliojirusha kutoka melini, hakuna hata mmoja anayechekesha. Waliucheka ukaka, na kifo wakakiacha.

Wasimuliaji wetu wa vibandani, wale waliotutafsiria picha kwa sauti, walilijua hili bila kufundishwa. Yule niliyemsikia utotoni alimpa kila adui jina la utani na kumsuta kwa Kiswahili cha mtaani hadi benchi zikatikisika. Lakini mdogo wake steringi alipouawa, alishusha sauti, akasema tu, "Amekwenda," akauacha muziki ufanye kazi yake. Kibanda kizima kilinyamaza.

Dhana: Kama ni ya watoto, basi iwe nyepesi.

Mwaka jana nilitazama The Incredibles, picha ya katuni ya mwaka 2004, pamoja na mpwa wangu wa miaka saba. Mle ndani mama amejificha pangoni na wanawe wawili. Anawaambia waziwazi kwamba hawa wabaya si kama wale wa katuni za Jumamosi asubuhi, hawa hawatawaonea huruma kwa sababu ni watoto, wakipata nafasi wataua. Mpwa wangu aliacha kutafuna bisi. Akasogea, akanishika mkono.

"Mjomba, wanaweza kufa kweli?"

Nikamwambia ndiyo, wanaweza.

Hakuomba nizime. Muda kidogo baadaye yule mtoto wa kiume, Dash, anafukuzwa na wauaji hadi ufukweni, nchi kavu imekwisha mbele yake, hana pa kwenda. Anaendelea kukimbia. Anatazama chini, anaona miguu yake inapiga maji na hazami, na anaanza kucheka kicheko chembamba cha mtoto aliyegundua kitu. Mpwa wangu akacheka naye, sauti ileile, na mkono wangu bado ameubana.