Chupa ya soda haitoshi: yanayosemwa kuhusu maabara ya chuo, na yalivyo

Dirisha la kupokelea sampuli katika maabara ya utafiti ya chuo kikuu ni mahali pazuri pa kujua watu wanaamini nini. Hapa Dodoma leo anakuja mtu na chupa ya maji ya kisima, kesho mwingine na kilo ya karanga, keshokutwa mzee ana jiwe alilolifunga kwenye kitambaa na hataki wenzake kwenye foleni walione. Wengi wanafika wakiwa na jibu tayari. Wanachotafuta kwetu ni muhuri. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Maji tunachemsha, hayana shida"

Naanza na hili kwa kuwa ndilo linaloumiza watu kimyakimya. Kuchemsha kunaua vimelea. Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba, vyote vinakwisha maji yakitokota, na anayechemsha aendelee kuchemsha. Tatizo ni kwamba visima vya kanda ya kati vina vitu vingine visivyo na uhai, ambavyo moto hauvigusi.

Cha kwanza ni floraidi. Sehemu kubwa ya ardhi yetu, kuanzia Dodoma kwenda Singida, imekaa juu ya miamba ya graniti, na maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya miamba ya aina hiyo huyeyusha floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekua akinywa maji yaliyozidi hapo huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa juu sana kwa miaka mingi mifupa nayo huharibika. Nimesikia wazazi wakimgombeza mtoto kwamba hapigi mswaki. Mswaki anapiga sana. Doa limeingia ndani ya jino kabla halijatokeza kwenye fizi.

Cha pili ni naitreti. Hii mara nyingi tunaitengeneza wenyewe: vyoo vya shimo, mazizi ya ng'ombe, mbolea. Mji umekua haraka, hasa tangu serikali ilipohamia hapa kwa kasi kuanzia 2016, na mitaa mingine ina choo na kisima katika kiwanja kimoja. Kiwango cha juu kinachoshauriwa ni miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima anaweza kunywa zaidi ya hapo asihisi chochote. Hatari kubwa iko kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, maana damu yake inashindwa kubeba oksijeni vizuri na midomo inageuka bluu.

Sasa fikiria sufuria inayochemka nusu saa nzima. Maji yanapanda kama mvuke, floraidi na naitreti vinabaki chini. Yaani unavyozidi kuchemsha ndivyo unavyovikoleza. Chemsha yatokote, epua, inatosha.

Wauzaji wa vichujio nao wana mchezo wao. Wanatumbukiza nondo mbili zenye umeme kwenye glasi ya maji ya bomba, maji yanageuka rangi ya kutu, na mama mwenye nyumba anashika kichwa. Kutu ile imetoka kwenye nondo zenyewe. Maji yenye chumvichumvi za kawaida yanapitisha umeme, chuma kinaliwa, tope linatokea. Maji ya kichujio chao hayabadiliki kwa sababu chumvi imeondolewa, basi. Kile kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha namba nacho hupima chumvi zilizoyeyuka tu. Bakteria hakiwaoni, wala hakijui kama chumvi hiyo ni chokaa isiyo na madhara au floraidi.

"Nimeleta maji, yapimeni, nasubiri"

Chupa ya soda iliyosuuzwa haiwezi kutupa jibu la bakteria. Tutakachopima ni kisima pamoja na chupa, pamoja na vidole vya aliyeifunga. Chupa ya kazi hiyo inatakaswa maabara na unaichukua kabla ya kwenda kuchota. Bomba linaachwa litiririke dakika kadhaa, mdomo wa chupa hauguswi, kisha chupa inakaa kwenye boksi lenye barafu na kufika kwetu haraka, ikiwezekana ndani ya saa 6, na isipite 24. Maji ya bomba yenye klorini yanahitaji chupa yenye kemikali ya kuizima klorini hiyo. Bila hivyo itaendelea kuua bakteria njiani, na karatasi ya majibu itasifia maji kuliko yalivyotoka bombani.

Kusubiri kwenye benchi hakusaidii. Tunachuja mililita 100, tunaweka kichujio kwenye chakula cha bakteria, kisha kwenye joto la nyuzi 44 kwa saa 18 hadi 24 ili kila bakteria aliyenaswa azaliane mpaka aonekane kwa macho. Kwa maji ya kunywa, E. koli, bakteria wa kinyesi, wanaotakiwa kuonekana ni sifuri.

Udongo una habari hiyohiyo. Mkulima anachota mkono mmoja kando ya njia, karibu na kichuguu au palipokuwa zizi, halafu anashangaa majibu yanasema shamba lake lina rutuba ya ajabu. Pita shambani kwa mtindo wa zigizaga, chukua sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, leta nusu kilo iliyokaushwa kivulini.

Na yule mzee wa jiwe? Yeye amekosea mlango. Mawe na madini yana wenyewe, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyo hapahapa Dodoma. Wanaodhani kila anayevaa koti jeupe anafanya kazi ofisi moja ni wengi, kwa hiyo nitaje na wengine: zabibu nenda TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Makutupora, mtama na uwele TARI Hombolo, ng'ombe na malisho TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) Mpwapwa, ambako utafiti wa mifugo una mizizi ya tangu enzi za Wajerumani na ndiko alikotokea ng'ombe chotara anayeitwa Mpwapwa.

"Ukungu unaishia kwenye kikaango"

Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ghafla: macho ya njano, tumbo kuvimba, kutapika. Wagonjwa 68 waliandikwa, 20 wakafa. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi waliyohifadhi na kula wenyewe majumbani. Siyo sumu ya kurogwa wala ya dawa ya panya, kama minong'ono ilivyodai.

Sumukuvu inatengenezwa na kuvu, lakini kuvu na sumu yake ni vitu viwili. Moto wa jiko unaua kuvu, sumu inabaki. Kukaanga karanga kunaweza kuipunguza kiasi, ugali hauifanyi chochote cha maana. Na punje inaweza kuwa na sumu bila ukungu wa kuonekana. Kusaga ndiko kubaya zaidi, kwa sababu punje mbovu ambayo ungeichambua kwa mkono inapotelea kwenye unga wote.

Wengine wanatoa mahindi yaliyooza kwa kuku na ng'ombe wakidhani wameokoa chakula. Kuku wanakufa au wanadumaa, na ng'ombe anairudisha sehemu ya sumu kwenye maziwa.

Kwetu sampuli ya nafaka inatuchosha kuliko zote, kwa sababu sumu haijatawanyika sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa salama na la jirani yake likazidi kiwango mara nyingi. Ukomo wa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya sumukuvu. Kiganja kimoja cha juu ya gunia la kwanza hakisemi kitu kuhusu ghala. Chota kidogokidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, uchanganye. Na bora zaidi, anika juu ya turubai badala ya udongo, weka ghalani mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13, na uyachambue kabla ya kwenda mashineni. Hivyo vyote havihitaji maabara.

"Chuo kimefungwa, wako likizo"

Wanafunzi wakiondoka, vilima vya Chimwaga ambako Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007 vinanyamaza, na mtu wa mjini anahitimisha kwamba kazi imesimama. Ratiba ya utafiti haifuati mihadhara. Inafuata mvua na mwaka wa fedha wa serikali unaoanza Julai 1. Dodoma inapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Aliye na jaribio la shambani ana nafasi hiyo moja kwa mwaka. Mvua ikikatika Februari, kama inavyopenda kufanya huku kwetu, jaribio limekwenda na jibu linasogea mwaka mzima. Kiangazi ni cha kupima sampuli zilizorundikana, kuchota maji ya visima wakati yapo chini kabisa, kuandika ripoti na maombi ya fedha, na mwanzoni mwa Agosti kubeba vibanda kwenda Nanenane pale Nzuguni.

Kutokana na hilo yanakuja malalamiko mengine: "Miaka yote hiyo, mmetoa nini?" Swali ni halali, ila mtu anayeuliza huwa amepanda jibu bila kujua. Chukua mtama wa Hakika na Wahi. Mbegu hizo ziliidhinishwa nchini 2002, na zinahimili kiduha, lile gugu lenye maua ya kupendeza linalonyonya mizizi ya mtama. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, ambako Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alitumia miaka mingi kutafuta jinsi kiduha kinavyoutambua mzizi wa mtama. Alipewa Tuzo ya Chakula Duniani 2009. Kabla ya kuuzwa hapa, mbegu inajaribiwa misimu kadhaa na maeneo tofauti, kwenye vituo na kwa wakulima. Hakuna mkato.

Mkato tuliuona Kongwa. Waingereza walikuja 1947 na matrekta kulima karanga, wakiwa na hesabu za ekari zaidi ya milioni 3 Afrika Mashariki. Udongo haukuchunguzwa vya kutosha, wala takwimu za mvua hazikuwa za miaka mingi. Kiangazi kilipokuja, udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu kama saruji, majembe yakavunjika, karanga zikakwama ardhini. Mwaka 1951 waliachana na mpango ule baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Ningekuwa na uwezo, kila anayeona majaribio ya misimu mitatu ni upotevu wa fedha ningempeleka Kongwa akatembee.

"Wanakuja kuchukua damu zetu wakauze"

Hofu hii siidharau. Mtu akikuchoma sindano mwaka huu, akaondoka na gari, usimwone tena, utafikiri nini? Utaratibu lakini upo. Utafiti unaogusa afya ya watu lazima upate kibali cha maadili; mtafiti wa kigeni lazima awe na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986; sampuli ya binadamu haivuki mpaka bila makubaliano ya maandishi. Barua inashuka kutoka mkoa, wilaya, kata hadi kijiji, mkutano unafunguliwa kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kila mshiriki anasoma au kusomewa fomu ya ridhaa. Una haki ya kukataa, na ya kujitoa katikati, bila kunyimwa matibabu wala pembejeo. Asiye na barua arudishwe kwa mtendaji.

Palipo na kosa letu ni kwenye mrejesho. Fedha za mradi zinaisha kwenye uchambuzi, makala inachapishwa kwa Kiingereza, na kijiji kilichotoa sampuli hakiambiwi kitu. Wenyeviti wa vijiji wakianza kuuliza "mtarudi lini na majibu?" kabla ya kupiga muhuri, nitawaunga mkono.

Muhuri wa chuo na bei yake

Kwa ufupi kuhusu muhuri: karatasi yetu inaeleza sampuli uliyoleta ina nini. Haikupi ruhusa ya kuuza maji ya chupa wala siagi ya karanga. Alama ya ubora inatolewa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nao wana taratibu zao.

Na kwa nini vipimo si bure? Mishahara na majengo ni ya serikali, ni kweli, lakini kemikali, vichujio na vipuri vya mashine vinakwisha kila siku, na vingi vinaagizwa nje. Ada inalipwa kwa kontroo namba, benki au kwa simu. Ukiombwa fedha mkononi, usitoe. Kabla ya kulipa, uliza vipimo gani unavihitaji kweli, maana orodha kamili ni ghali na nusu yake huenda haikuhusu. Kwa kisima cha mtaa, majirani wakichanga, waanze na floraidi, naitreti, chumvi na bakteria. Vyuma vizito vinaweza kusubiri, isipokuwa pana mgodi au gereji karibu. Sampuli ya bakteria ileteni kati ya Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Ikija Ijumaa mchana, kuna mtu atakayelazimika kuja Jumamosi kuhesabu bakteria wenu, na kwa kawaida mtu huyo ni mimi.