Ukurasa Mmoja Unapoangusha Sava: Dhana Potofu na Ukweli

Tovuti ya duka au ya shule ikigoma kufunguka mjini Kisumu, lawama ya kwanza huenda kwa umeme na ya pili kwa mtandao. Lawama hizo si za bure, kwa maana mvua ya radi ya alasiri inaweza kuzima mitaa ya Kondele na Milimani pamoja; lakini giza la Kondele haliifikii sava, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuwapelekea wageni kurasa zake, iliyokodishwa Nairobi au Ujerumani. Iwapo ukurasa mmoja tu ndio unaogoma, ilhali kurasa nyingine za tovuti hiyo hiyo zinafunguka, msimbo wa ukurasa huo, yaani maagizo ya programu yanayouendesha, ndio wa kushukiwa kwanza.

Wengi pia huichukua nambari ya kosa 500, inayotokea kwenye skrini badala ya ukurasa, kuwa tangazo la kifo cha sava. Sava iliyokufa haitangazi lolote. Nambari hiyo ni jibu la sava iliyo hai, inayosema kwamba imeshindwa kulikamilisha ombi, na sababu yake kwa kawaida huandikwa katika faili ya makosa, ambayo kwa programu ya sava ya Apache iliyo kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu ni /var/log/apache2/error.log. Anayeiwasha sava upya kabla ya kuisoma faili hiyo anabahatisha tu.

Husemwa vilevile kwamba tagi isiyofungwa ya HTML, lugha ya kupangia kurasa za wavuti, huangusha sava. Sivyo. Sava huipeleka HTML kama tarishi asiyefungua bahasha. Anayeisoma ni kivinjari, programu ya mgeni ya kufungulia kurasa, na kanuni za HTML5 zimeeleza jinsi kivinjari kinavyopaswa kuvumilia makosa ya aina hiyo. Kinachoiumiza sava ni msimbo ambao sava yenyewe huutekeleza, kama vile wa lugha ya PHP. Kitendaji, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, kinachojiita chenyewe bila kikomo huendelea kula kumbukumbu hadi kiwango kilichowekwa, ambacho katika PHP kwa kawaida ni megabaiti 128, kisha ombi hukatwa.

Hapo ndipo huzuka dhana iliyo ghali kuliko zote, kwamba dawa ni kukodi sava kubwa zaidi. Mnamo tarehe 20 Julai 2016, Stack Overflow, tovuti ya waandishi wa programu isiyo na uhaba wa mitambo, ilizimika kwa dakika 34 kwa sababu ya ruwaza fupi (regex, kanuni ya kutafuta mpangilio wa herufi katika maandishi) ya kuondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa mstari. Ruwaza hiyo ilikutana na andiko lenye nafasi zipatazo 20,000 mfululizo, zikifuatwa na herufi nyingine. Kila iliposhindwa ilirudi kuanza upya kutoka nafasi iliyofuata, hata ikahitaji ulinganishi upatao milioni 200. Andiko lilikuwa kwenye ukurasa wa mwanzo, na mtambo unaogawa wageni kati ya sava ulitumia ukurasa huo huo kupima uzima wa sava, kwa hiyo ukaziondoa kazini zote. Mwenye duka anayelipia megabaiti zaidi kila mwezi ili kuukimu msimbo wa namna hiyo ananunua muda tu, tena kwa bei mbaya.

Kihariri nacho, yaani programu ya kuandikia msimbo, kikikwama, husingiziwa virusi. Huenda vipo, ila kwanza itazamwe faili iliyofunguliwa. Vihariri vingi huyapaka rangi maneno ya msimbo kwa kutumia ruwaza za aina ile ile, na faili iliyobanwa ikawa mstari mmoja wa herufi laki kadhaa huvilemea. Ndiyo maana kihariri cha VS Code kwa kawaida huacha kuupaka rangi mstari unaozidi herufi 20,000. Faili kama hiyo ifunguliwe kwa programu sahili isiyopaka rangi. Kama mstari wenye kosa bado haujulikani, itengenezwe nakala, iondolewe nusu moja pasipo kukata kitendaji katikati, na ijaribiwe tena: tatizo likitoweka, limo katika nusu iliyoondolewa, na likibaki, limo katika iliyosalia. Kwa faili ya mistari 1,000, kurudia kugawa huko hakuzidi mara kumi.