Baden-Powell: yanayosimuliwa kambini na yaliyotokea kweli

Kila tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa Robert Baden-Powell mwaka 1857, kikosi cha skauti cha parokia yetu hapa Kadutu, Bukavu, hukusanyika uwanjani, na wadogo husimuliwa jinsi mwanzilishi huyo wa uskauti alivyowafunza wavulana wa Mafeking, mji wa Afrika Kusini, uskauti chini ya mizinga. Mimi pia niliirudia hadithi hiyo kwa miaka kabla sijasoma maisha yake kwa makini.

Kumbe, katika siku 217 za kuzingirwa kwa mji huo na Makaburu waliokuwa wakipigana na Waingereza, kati ya Oktoba 1899 na Mei 1900, aliyewapanga wavulana hao kupeleka ujumbe alikuwa msaidizi wake, Edward Cecil. Baden-Powell, aliyekuwa akiongoza ulinzi wa mji, aliona tu kwamba mtoto akipewa kazi ya kweli huifanya, na jambo hilo halikumtoka. Agosti 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kambi ya kwanza ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wana wa matajiri pamoja na wana wa wafanyakazi, akawa anawaamsha alfajiri kwa pembe ya tandala aliyoipata vitani Matabeleland, katika Zimbabwe ya leo.

Wala fikra zote hazikutoka kichwani mwake: kusoma nyayo porini alijifunza mengi kwa Mmarekani Frederick Burnham, mpelelezi wa jeshini, na michezo kadhaa aliichukua kwa Ernest Thompson Seton, aliyeanza kuwakusanya vijana Marekani mwaka 1902. Wasichana nao hawakualikwa. Walijitokeza wenyewe kwenye mkutano wa skauti wa Crystal Palace, London, mwaka 1909, na chama chao kikaundwa mwaka uliofuata chini ya dada yake Baden-Powell, Agnes.

Linalonyamaziwa zaidi ni habari ya Uwini, mkuu aliyepinga utawala wa Kiingereza huko Matabeleland. Mwaka 1896 alitekwa, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na Baden-Powell akaamuru apigwe risasi. Uchunguzi ulimwondolea lawama afisa huyo, lakini kwa maoni yangu sisi wa Kivu, ambao bunduki si hadithi kwetu, hatuna ruhusa ya kuuruka ukurasa huo mbele ya watoto.

Kaburi la Baden-Powell pia wengi huliweka London, pengine kwa sababu ya jiwe la kumbukumbu lililomo Westminster Abbey. Alifia Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko, na kaburini pake imechongwa alama ambayo wadogo wetu huichora mchangani kwa kijiti mchezo wa kufuata njia unapokwisha: duara lenye nukta katikati, yaani, nimekwenda nyumbani.